Sekunde Kumi na Moja

Chuo cha Mafunzo ya Jeshi
9 Juni 1984

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu yote miwili ina malengelenge, na nywele wamezikata zote. Ukiniona leo utadhani ni mtoto wa jirani.

Leo wametugawa. Wasichana wengi wamepelekwa jikoni na kwenye taipu. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kupiga taipu, ndipo sajini mwalimu akasoma: “Huyu aende rada.” Nilimuuliza mwenzangu rada ni nini, akasema ni ile kazi ya kulinda anga. Nikatazama juu. Wote walinicheka.

Nikueleze kwa kifupi. Tunakaa ndani ya gari kubwa lisilo na madirisha, mbele ya kioo cha kijani. Ndege ikipita mbali huko, inatokea doa dogo kwenye kioo. Mashine inaiuliza ile ndege: wewe ni nani? Ndege yetu ina kisanduku kinachojibu chenyewe. Isipojibu, tunamwambia ofisa, naye ndiye anayeamua kama kombora liende. Mkono wa kubonyeza ni wetu sisi askari wa kawaida, lakini neno ni la ofisa.

Najua ulitaka nibaki kwenye karakana. Najua ulishanitengea ile meza ya dirishani. Usinichukie. Kushona makochi nakuweza, lakini nilikuwa nikishona nawaza mambo mengine.

Msalimie mkaza mjomba. Mwambie chakula cha huku hakina chumvi wala huruma.

Mpwa wako,
Kuruta


Karakana
30 Juni 1984

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya tatu nimewasomea wateja, wakitaka wasitake.

Sikuchukii. Nilinuna wiki mbili, nikachoka. Mtu aliyekulea tangu una miaka sita, tangu dada yangu alipotutoka, ana haki ya kununa wiki mbili. Meza ya dirishani sasa nimeweka gundi na misumari.

Kazi yenu nimeielewa hivi: unatazama kitu ambacho hakipo, siku nzima, ili siku kitakapokuwepo usikose kukiona. Mimi nisingeweza. Mimi nikifungua kochi kuukuu angalau nakuta kitu ndani. Juzi nimekuta meno ya bandia, seti nzima, kwenye kochi la mwalimu mkuu. Nimemrudishia, akakana. Anaongea kwa ufizi, anakana.

Picha yako ya sare nimeitundika juu ya cherehani. Kaza moyo.

Mjomba wako,
Fundi Makochi


Kikosini
17 Novemba 1991

Mjomba,

Shikamoo. Nimepandishwa cheo. Kuanzia Jumatatu mimi ni sajini, na nina watu watano chini yangu. Usichinje kitu, nyama ni ghali. Mwambie tu yule mwenye duka aliyesema nitarudi ndani ya mwezi mmoja.

Kati ya hao watano yupo koplo mmoja tunamwita Kimya, kwa sababu haishi kusema. Ana mabinti mapacha, na kila mtu kikosini anajua lini waliota meno. Nimemfundisha mwenyewe tangu anaingia, na sasa jicho lake kwenye kioo ni zuri kama langu. Nikipumzika yeye ndiye anakaa kwenye kiti changu.

Miaka saba sasa, na zaidi ya mazoezini sijawahi kufyatua kitu. Wengine wanalalamika. Mimi sina haraka. Lakini siku hizi mambo ya mpakani yamechafuka, na Meja, mkuu wa kikosi chetu, amekuwa mtu wa kufoka. Tunaitwa kwenye utayari mara tatu kwa siku, mara nyingine ni ndege wa kweli, wale wa manyoya. Kimya anasema tuwashitaki kwa kutobeba kisanduku.

Wako,
Sajini


Kikosini
2 Oktoba 1992

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kukujulisha kwamba nimehamishiwa stoo. Napanga viatu na sare. Cheo wamekitoa, mimi ni askari wa kawaida tena. Mshahara umepungua, kwa hiyo usishangae.

Sababu siruhusiwi kuisema, na wewe usiiulize kwenye barua, zinafunguliwa.

Sijaiba, na sijamdhuru mtu.

Mpwa wako


Karakana
20 Oktoba 1992

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako siku nane nikingoja nyingine ya kueleza. Haikuja. Basi maelezo nimeyapata kwa watu.

Dereva wa lori la jeshi alileta kiti cha gari kushonwa. Nikamuuliza kama anakujua. Akacheka kwanza. Akasema, “Yule sajini wa rada? Ndege ilikuja, akaambiwa afyatue, akaganda kama ukuta. Wanasema aliogopa, wengine wanasema alikuwa amelala.” Nilikuwa na sindano mkononi, mbele ya watu wanne wanaokujua tangu utotoni. Nikamwambia kiti chake kitakuwa tayari Alhamisi.

Sasa sikiliza. Kama ulilala, niambie ulilala, mtu huchoka. Lakini kama uliogopa, miaka minane ulikuwa unakula chakula cha serikali kwa kazi gani? Ulinikimbia na karakana yangu ukaenda kuwa askari. Basi ungekuwa askari. Dada yangu hakuwa mwoga, mimi si mwoga, na damu yetu sijaona mwoga ndani yake.

Hadi utakaponiambia ukweli, mimi sina la kuandika.

Mjomba wako


21 Oktoba 1992

Binti yangu,

Naandika haraka, yeye ameenda kununua sponji. Barua aliyokuandikia niliiona kabla hajaifunga. Nilimwambia ailalie kwanza, hakusikia.

Ameishusha picha yako. Anawaambia watu kioo kimepasuka. Kioo hakijapasuka, nimekikuta kizima nyuma ya kabati. Lakini pia hali chakula vizuri, na jana alimshonea mteja mto kwa upande wa ndani nje. Usimjibu kwa hasira. Na usimwambie nimeandika.

Mkaza mjomba wako


Kikosini
4 Januari 1993

Mjomba,

Shikamoo. Sikulala.

Zaidi ya hapo siwezi kusema kitu. Nilikula kiapo na karatasi nimetia sahihi. Ukitaka kuamini ya dereva, amini.

Mpwa wako


Mahabusu ya Jeshi
14 Mei 1993

Afande Sajini,

Najua si sajini tena, lakini mdomo wangu haujazoea.

Wameniruhusu kuandika barua mbili, moja kwa mke wangu, moja kwa shahidi. Nimekutaja wewe. Nisamehe kwa kukuvuta.

Umesikia kilichotokea tarehe ishirini na nane Aprili, lakini ukisikie kwangu. Saa tisa alasiri, jua linawaka. Tulikuwa kwenye utayari tangu asubuhi. Doa likaingia kutoka mashariki, chini chini. Nikaliuliza, halikujibu. Nikauliza tena, kimya. Luteni akasema, “Fyatua.” Nikabonyeza, afande. Sikuhesabu hata mbili. Wanasema mashine imerekodi sekunde moja na nusu.

Ilikuwa ndege ndogo ya hospitali. Rubani, na muuguzi, na masanduku ya dawa. Haikuwa na kisanduku, na ilikuwa imekata njia kukwepa mawingu ya huko ilikotoka.

Kila mtu ananiuliza kwa nini nilikuwa na haraka hivyo. Ninawajibu: kwa sababu nilikaa kwenye kiti cha Sajini na mbele yangu ukutani kulikuwa na tangazo la Meja. Unalikumbuka. ANAYESITA ATAPANGA VIATU. Sasa Meja anasema tangazo hilo halijawahi kuwepo. Lilichanwa jioni ile ile.

Wanataka kunipa miaka kumi na tano. Mapacha wanaanza shule Januari. Nimewaza maneno ya kukuomba, nimekosa, na unajua mimi si mtu wa kukosa maneno.

Kimya


Karakana
11 Julai 1993

Mwanangu,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na gazeti.

Juzi mteja alifungia sahani zake kwa gazeti la Jumapili. Mimi gazeti siachi bila kusoma, hata la kufungia. Nikakuta habari ya ile ndege ya hospitali, na katikati imeandikwa kwamba mwaka jana kikosi hicho hicho kiliwahi kuamriwa kuangusha ndege ambayo kisanduku chake kilikuwa kimeharibika, na askari mmoja mwanamke alikataa kufyatua, na ndege ile ilikuwa yetu, na ndani walikuwemo watu ishirini na watatu. Na askari huyo akavuliwa cheo. Na sasa ataitwa mahakamani.

Nilikaa juu ya kochi la mteja ambalo halina springi. Nikazama mpaka chini, mke wangu akaja kunivuta mkono. Nikamwambia soma hapa. Akasoma, akaniangalia, akaenda zake.

Nilikuita mwoga. Niliandika kwa mkono wangu na stempu nikailamba mwenyewe. Miezi tisa umekaa na neno hilo, na huwezi kujitetea kwa sababu ya kiapo. Nakuomba radhi. Sina maneno makubwa. Nakuomba radhi.

Sasa nenda mahakamani ukawaambie. Waambie ulijua. Waambie jicho lako lilitambua pale ambapo mashine ilishindwa. Wakurudishie cheo chako mbele ya watu wote. Mtaa mzima unajua sasa, nimeshawaambia. Hata yule mwenye duka alikuja kunishika mkono.

Nina fahari nawe.

Mjomba wako


Kikosini
6 Agosti 1993

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliipata siku tatu kabla ya kesi. Nimeibeba mfukoni, sikuweza kuijibu. Sasa ushahidi nimeshatoa na kiapo kimefunguliwa, naweza kukuandikia kila kitu. Kaa chini kwanza. Kwenye kitu chenye springi.

Kabla ya kesi Kanali kutoka makao makuu aliniita. Aliniagizia chai, akanivutia kiti mwenyewe. Akasema, “Ulionewa. Tunataka kukurudishia cheo, na zaidi ya hapo, twende ukafundishe chuoni.” Nikasema asante. Akasema, “Mahakamani utaulizwa swali moja tu. Ulitambuaje kwamba ile ndege ni yetu? Eleza jicho la mtu aliyefunzwa vizuri linavyoona.”

Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyepewa dunia. Nilifika mpaka geti la pili ndipo nikaelewa. Nikisema mimi nilitambua, basi Kimya naye angepaswa kutambua. Yeye ndiye mzembe, si kikosi, si Meja, si tangazo. Cheo changu kwa miaka yake kumi na tano.

Na lipo lingine, Mjomba, na hili ndilo sikuwahi kumwambia mtu. Sikutambua.

Nikuambie siku ile ilivyokuwa. Ilikuwa saa kumi jioni. Doa likatokea, nikaliuliza mara tatu, halikujibu. Luteni akasema, “Fyatua.” Nikainua kifuniko cha kitufe, nikaweka kidole. Nilikuwa nataka kubonyeza. Hakuna kitu kilichoniambia usibonyeze. Kidole hakikwenda. Luteni akapiga kelele, “Fyatua, Sajini!” Masikio yangu yakaziba, nikasikia joto miguuni. Kisha simu ya uwanja wa ndege ikalia, mtu akawa anapiga mayowe kwamba ni yetu, ni yetu. Walikuja kupima baadaye. Zilikuwa sekunde kumi na moja.

Kwa hiyo uliponiita mwoga, nililia kwa sababu ulikuwa umepatia. Na uliponiomba radhi, ilinichoma zaidi ya lile tusi.

Mahakama ni ukumbi wa chuo, viti vya mbao, feni mbili na moja haizunguki. Kimya amekonda mpaka kola inamzunguka. Mwendesha mashtaka akaniuliza taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto.

“Siku ile, ulijua kwamba ndege ni yetu?”

“Hapana, afande.”

Akatabasamu kidogo. “Labda tuseme ulihisi.”

“Sikuhisi.”

“Basi kwa nini hukutekeleza amri?”

“Niliogopa.”

“Uliogopa kuua wenzako.”

“Wenzangu sikuwawaza, afande. Niliogopa tu. Nilijikojolea kwenye kiti.”

Nyuma mtu akacheka. Mwendesha mashtaka akaacha kutabasamu, akakaa.

Wakili wa Kimya akasimama, akaniuliza kama kwenye kioo kile kuna mtu angeweza kutofautisha ndege ya hospitali na ya adui. Nikasema hakuna. Nikasema nimekaa mbele ya kioo kile miaka minane, na ningekuwa zamuni Aprili ningeona doa lile lile, na yule sajini aliyenifundisha angeona doa lile lile.

“Na Koplo alikuwa na haraka kwa nini?”

“Kwa sababu ya lililonipata mimi. Kulikuwa na tangazo.”

Meja akanyanyua kichwa. Wakili akasema, “Meja ameapa kwamba halikuwepo. Wewe ulikuwa stoo wakati huo. Unajuaje kwamba lilikuwepo?”

“Nililibandika mimi. Meja aliniamuru nikalibandike kwa mkono wangu, mbele ya zamu nzima, na gundi nikaichukua stoo nikaisaini kitabuni.”

Walikileta kitabu. Tarehe tano Oktoba, gundi chupa moja, sahihi yangu, na pembeni ya Meja ya kuidhinisha.

Kimya amepata miaka miwili. Mke wake alinishika akalia begani mwangu hadi sare ikalowa. Meja amehamishwa, hakushushwa. Mimi Kanali hakunitazama tena. Jana nimepewa barua, sifai kwa utumishi, kazi yangu inaisha tarehe thelathini na moja mwezi huu.

Hayo yote ningeweza kuyabeba. Kuna kitu kimoja siwezi.

Nilipotoka ukumbini, mume wa muuguzi alikuwa kwenye ngazi. Siku zote za kesi alikaa benchi la mbele, shati lile lile la mistari. Ni fundi umeme, nilisikia akimwambia mtu. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama mtu anayeuliza saa. “Ungekuwa wewe kwenye kiti siku ile, mke wangu angekuwa hai?”

Mjomba, nimefundishwa kujibu kwa neno moja, ndiyo au hapana, ndani ya sekunde tatu. Nilisimama pale. Kama ndiyo, ni kwa sababu mimi ni mwoga, si kwa sababu mimi ni mzuri. Kama hapana, namnyang'anya hata hilo tumaini dogo. Na huenda kidole kingekwenda siku hiyo. Nani ajuaye? Nilimwambia, “Sijui, ndugu yangu.” Akatikisa kichwa, akasema, “Asante,” akashuka ngazi. Kwa nini alisema asante?

Alinipa karatasi yenye anwani yake kabla ya kuondoka. Alisema nikijua, nimwambie.

Usiwaambie watu wa mtaani chochote mpaka nije. Au waambie. Sijali tena, nadhani.

Mpwa wako


Karakana
19 Agosti 1993

Mwanangu,

Nimesoma. Mke wangu naye amesoma, nilimpa mwenyewe.

Nilikuandikia kwamba kwenye damu yetu hakuna mwoga. Ulikuwa uongo, na mke wangu amenikumbusha kwa majina. Babu yako alijificha ghalani siku tatu, walipokuja kuandikisha vijana kwa vita vile vya zamani. Mimi mwenyewe, mama yako alipokuwa hospitali, wiki ile ya mwisho, sikuenda. Nilimwambia kila mtu kazi ni nyingi. Kazi haikuwepo. Nilikaa karakana nikashona mto mmoja, nikaufumua, nikaushona tena. Alikuwa ananiulizia. Hilo sijawahi kukuambia, na umenilipa kwa kuniheshimu miaka yote hii.

Mtaani wameshaniuliza. Nimewaambia yote kama ulivyoandika, na la kiti pia, nisamehe. Niliona nikiacha hilo, wengine watajazia la kwao. Mwenye duka alisema, “Kwa hiyo hakuwa shujaa.” Nikamwambia hakuwa. Nikampa mto wake, akaondoka. Mmoja amesema ana kaka yake aliyekuwa ndani ya ile ndege ya watu ishirini na watatu. Alikaa mpaka nilipofunga.

Kuhusu swali la fundi umeme, nimelifikiria siku nne. Nilidhani mtu mzima kama mimi nitapata angalau la kukufariji, sijapata. Ila naona kwamba hukupaswa kuulizwa ukiwa peke yako pale kwenye ngazi.

Kwa hiyo nimekata tiketi. Sijawahi kusafiri mbali hivyo, na mke wangu amenifungia chakula cha watu sita. Nitafika kituoni tarehe thelathini na moja saa tano asubuhi, nitakuja hadi kikosini, na wewe ukitoka getini unanikuta. Chukua ile anwani. Tutakwenda wote kwake, tutabisha hodi, na akiuliza tena utamwambia tena hujui, nami nitakuwa nimekaa hapo pembeni yako.

Akitufukuza, tutaondoka. Asipotufukuza, tutakaa kadiri atakavyotaka.

Mjomba wako